Bishiri Anapotembea Sana

Wadogo zangu wa nyumba ya samaki,

Hii ni wiki ya tatu tangu nistaafu, na tayari nimefagia ua mara nyingi kuliko majani yaliyomo. Mlinipa kiti cha mbao chenye mikono, eti Mama Samaki apumzike. Asanteni. Ni kiti kizuri, wageni wanakipenda. Mimi nikikikalia miguu inaanza kucheza yenyewe, basi nasimama, nazunguka nyumba, nachungulia barabarani kuona ni moto, yaani pikipiki, ya nani inapita, narudi. Mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, hasa kuhusu bishiri, maana ndiye samaki anayewasumbua wateja wetu kuliko wote. Nitaandika, ila msitegemee utulivu. Kule juu Ngungu kuna mwanamke anaitwa Aline, ambaye nyumbani kwake anahesabiwa kuwa ndiye aliyemuua samaki wa marehemu baba mkwe wake. Hakumuua yeye. Nilimuua mimi, nikiwa hapa Bweremana, simu ikiwa sikioni. Sijamwambia mtu yeyote wa nyumba ile. Nitafika huko, lakini kwanza nianze na siku ya kwanza.

Sikuajiriwa kuangalia samaki, niliajiriwa kubeba maji. Nilikuwa na mikono yenye nguvu na sikuwa na subira, na patron, mwenye biashara, aliona lile la kwanza tu. Alikuwa akinunua samaki wa mito ya Walikale na kuwauzia watu wanaofuga samaki katika masanduku ya kioo nyumbani kwao: wenye maduka wa Sake, mapadri, walimu wakuu, na wafugaji kadhaa wa milima ya Masisi ambao walikuwa wameshanunua kila kitu kingine. Aliyewavua samaki hao na kutufundisha kuwatunza alikuwa Papa Bauma, mzaliwa wa Ntoto, mtu mfupi aliyekuwa na maneno machache na kofia moja. Asubuhi ile alinisimamisha mbele ya tangi.

“Angalia huyu,” akasema.

Niliona mchanga, mzizi, na kijiti. Nikaangalia kwa muda ambao naukumbuka kuwa mrefu sana. Labda ulikuwa dakika tano. Kijiti kilikuwa na macho. Nikaondoka kwenda kuosha ndoo, maana ndoo angalau zilikuwa na shida inayoonekana. Akaniita tena. Niliporudi, kile kijiti kilijiinua mchangani, kikapanda moja kwa moja mpaka juu, kikatoa mdomo nje, kikavuta hewa kwa mlio mdogo kama wa busu, kikashuka na kulala palepale kilipokuwa.

“Njo ile,” Papa Bauma akasema. “Huyu hapumue na mayi peke yake. Iko na kitu ndani sawa mapafu yetu. Ukimufungia juu, anakufa ndani ya mayi, sawa muntu.”

Kumbukeni kwamba niliambiwa hivyo siku ya kwanza kabisa, kabla hata sijaonyeshwa mahali pa kutundika koti langu.

Basi ndiye bishiri. Mwili mrefu wa mviringo, magamba magumu, safu ya mapezi madogo yaliyosimama mgongoni, na vijimirija viwili vya pua mbele ya uso. Haoni vizuri. Ukimtupia sambaza, kisamaki kidogo cha ziwani, mbele ya macho anaweza kumkosa kabisa, halafu baada ya muda pua zinaamka, anaanza kutembea mchangani kwa mapezi yake ya kifuani, anakwenda kushoto, anarudi, anampita sambaza, anageuka, na mwishowe anamkuta. Nilikuwa nikisimama hapo nikitamani kumshika kichwa nimwelekeze. Mchana wenye mwanga anapenda kulala. Mwanga ukififia, au mawingu ya mvua yakishuka juu ya ziwa, ndipo anapoondoka kwenye maficho na kuzunguka. Papa Bauma alinipa kaye, yaani daftari, niandike kila alichofanya samaki. Bado ninalo. Kurasa za mwanzo zinasema: amelala, amelala, amepanda kuvuta hewa, amelala. Mwezi wa kwanza nilitaka kuacha kazi mara mbili kwa sababu ya daftari hilo.

Mteja mwenye bishiri ana swali moja tu: amekufa? Anapiga simu asubuhi, anapiga mchana, anamtuma jirani. “Mama Samaki, hii samaki yenu haitikisike.” Wauzaji wengi, nami nikiwemo, tulikuwa na fimbo nyembamba ya mwanzi nyuma ya tangi. Mnunuzi akiingia tunamdokoa samaki kidogo mkiani, samaki anaruka, mnunuzi anafurahi. Nilipenda sana fimbo ile. Kwangu mimi kitu kinachotembea ndicho kizima, na kilicholala kina matatizo. Papa Bauma alinikuta nayo siku moja, hakunigombeza, aliivunja vipande vinne na kupikia chai. Kisha akaniambia nisubiri wiki moja. Aliweka chungu kilichopasuka ndani ya tangi, akafunika upande mmoja wa kioo kwa kipande cha kitenge, akamwongezea mwenzake mmoja wa ukubwa uleule. Kabla ya wiki kuisha, yule samaki mvivu alikuwa akitembea hata saa nne asubuhi. Akiwa na mahali pa kujificha anajificha kidogo zaidi. Nimewaeleza wateja jambo hilo miaka yote, na miaka yote wametoa chungu ili wamwone vizuri.

Milimani shida ni baridi. Bishiri ni wa mito ya chini, ya joto, na sisi tukampandisha mahali ambapo watu wanalala na blanketi tatu. Maji yakipoa anakuwa mzito, hali chakula, hapandi ila mara chache. Umeme hakuna, na pano, ile paneli ya jua, inatosha taa na simu tu. Tulichofanya ni kujaza chupa maji ya moto, kuifunga vizuri, na kuiacha ielee ndani ya tangi asubuhi na jioni. Mkiona mteja wa Masisi analalamika kwamba samaki hatembei, mwulizeni kwanza kuhusu chupa. Wengi wameitumia kwa chai.

Shida nyingine ni kwamba anatoroka. Mnamcheka kwa uvivu wake, halafu siku moja anapata tundu la ukubwa wa yai pale unapopita waya wa taa, na asubuhi tangi ni tupu. Nimewakuta bishiri nyuma ya gunia la maharage, ndani ya kiatu cha mchungaji wa kanisa, na mmoja chini ya kitanda, amejaa vumbi kama andazi kwenye unga na bado anapumua. Unamfunga kwa kitenge kibichi, unamrudisha taratibu. Ndiyo maana mimi nilipenda mfuniko. Katika nyumba yetu nilijulikana kwa hilo: kioo juu, jiwe juu ya kioo, tambara kwenye tundu la waya. Kwa kweli nilikuwa nafunika vizuri kuliko wote.

Sasa nifike Ngungu.

Papa Josué alikuwa mfugaji na muuza maziwa. Alikuja Bweremana mwenyewe, akachagua bishiri mmoja, akamfikisha nyumbani akiwa amempakata kwenye bidoni, yaani dumu. Mkewe, Mama Consolata, aliniambia kwamba mumewe akimaliza kukamua alikaa mbele ya kile kioo na kikombe chake, wote wawili kimya, yeye na samaki. Papa Josué alipofariki, Mama Consolata hakutaka samaki yule auzwe wala kuhamishwa. Alimpashia maji kila siku. Sijapata kuwa na mteja mwenye bidii kama yeye, na nilimpenda, ingawa alipiga simu sana.

Mwaka huohuo mwanawe Emmanuel alioa. Bibi arusi ndiye Aline, binti wa wakulima, kimya, mwenye macho ya kuangalia. Mara tu baada ya harusi, samaki alitoroka akakutwa karibu na mafiga. Nikaitwa. Nilipanda na moto, tope mpaka magotini, nikawakatia kioo kipya cha kufunika, nikakipima kikakaa sawasawa, nikatafuta jiwe zito uani, nikaziba tundu kwa tambara. Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya kilima na motari aliyenipandisha alikuwa akipiga honi njiani. Nami, mnanijua, honi ikilia siwezi kubaki mahali.

“Jiwe hili lisitoke,” niliwaambia wote wawili, mama mkwe na mkwe. “Hata siku moja. Mumenisikia?”

“Tumesikia, Mama Samaki.”

Siku ile maji yalikuwa chini ya kioo kwa upana wa kiganja, kwa kuwa mengi yalimwagika samaki alipotoroka. Kwa hiyo hewa ilikuwepo. Sikusema kwamba ile nafasi lazima ibaki. Maneno yale ya siku ya kwanza nilikuwa nayo kichwani, nilikuwa nikiwafundisha ninyi kila mwaka, lakini pale Ngungu niliyaruka kwa sababu ya honi na mvua. Nikashuka kilima nikiwa nimeridhika na kazi yangu.

Baadaye barabara ilifungwa kwa mambo ya usalama mnayoyajua, na wateja wa juu tukawa tunawahudumia kwa simu. Miezi ikapita. Kisha kina mama wa kanisa wakapanga kwenda kwa Mama Consolata kuombea ndoa ile changa. Aline akaambiwa atayarishe nyumba. Akafagia, akasugua vibuyu, akasafisha kioo cha samaki, akapasha maji kwa kipimo kilekile nilichowafundisha, na akajaza. Alijaza mpaka maji yakagusa mfuniko. Wiki yake ya kwanza mle ndani mama mkwe alikuwa amemfundisha kwamba katika nyumba ya maziwa, chombo kinachokaa mbele ya mgeni hakiachwi kikiwa nusu, maana ni kumwambia mgeni kwamba nyumba imeishiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba akwariamu haimo katika sheria hiyo. Akafunika, akarudisha jiwe.

Saa tano asubuhi simu yangu ikalia.

“Mama Samaki! Samaki ya Papa iko natembea leo! Anapanda, anashuka, anapanda tena. Tangu Josué afariki sijaona vile. Hata bamama ba kanisa banamuangalia, banapiga makofi.”

Nilifurahi, wadogo zangu. Siwafichi. Miaka yote hiyo ya “amekufa?” na leo mtu ananipigia kwa sababu bishiri anacheza mchana kweupe, milimani, kwenye baridi. Nilikuwa natembea huku na huku kati ya matangi yetu nikiongea. Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamke mwingine, ikisema kitu haraka haraka, na Mama Consolata akimnyamazisha. Sikuuliza ni nani wala anasema nini.

“Ni vizuri,” nikamwambia. “Amezoea nyumba. Mwacheni acheze.”

Saa nane akapiga tena. “Sasa amelala.”

“Amechoka,” nikasema. Hilo nalo nilisema mimi.

Saa kumi akapiga mara ya tatu, analia. Samaki alikuwa amegeuka tumbo juu, chini ya kioo. Ndipo nikauliza swali ambalo nilipaswa kuuliza saa tano: maji yamefika wapi?

“Mayi inajaa mpaka kwa kioo. Ni huyu bibi ya Emmanuel njo alijaza. Alijaza sana. Njo amemuua, ao sivyo?”

Nilikuwa nimesimama katikati ya nyumba ya samaki na nilijua kila kitu kwa mara moja. Nilijua kwamba kupanda na kushuka kule kulikuwa kutafuta hewa, na kwamba tangu saa tano mpaka saa nane palikuwa na muda wa kutosha kabisa wa mtu kuondoa jiwe. Nilijua pia ni nani aliyelikataza jiwe lisitoke. Nikasema, “Pole sana, Mama. Baridi nayo ilikuwa kali.” Na nikanyamaza. Sikusema ndiyo wala siyo juu ya Aline. Mama Consolata alichukua ukimya wangu kuwa jibu, na alikuwa na haki, kwa sababu mimi ndiye fundi.

Baada ya miezi kadhaa Emmanuel aliteremka Bweremana kwa miguu, kwa njia za ng'ombe, na jibini za kuuza. Nilimkuta sokoni, nikamwuliza habari za nyumbani kama watu wanavyouliza. Akatazama chini.

“Mama hamuachie Aline kugusa kitu tena. Bageni bakikuja, anamuambia akae kule nyuma. Anamuambia: ulimaliza samaki ya Papa, sasa unataka kumaliza nini? Aline anasema atarudia kwabo.”

Nilichukua jibini yangu, nikamwambia amsalimie mama yake. Nilijiambia kwamba jambo kama lile haliongelewi sokoni. Nilimpigia Papa Bauma, aliyekuwa amesharudi kwao Ntoto, nikamsimulia yote.

“Na yule mutoto mwanamuke, ulimuambia?”

“Barabara bado imefungwa, Papa.”

“Na simu, ilifungwa pia?”

Tangu siku ile sijalala vizuri, na mchana ndiyo hivyo mlivyoniona, naosha tangi lililokwisha kuoshwa. Mlidhani ni bidii.

Niliacha kuandika hapo juu siku ya Jumanne. Leo ni Ijumaa. Jumatano motari alinithibitishia kwamba njia ya Ngungu inapitika, nikafunga kilemba na kuondoka kabla sijapata sababu nyingine.

Kabla hatujafika kwao tulikwama mara mbili. Mama Consolata alinipokea vizuri mno, na hilo lilinipa taabu. Tangi bado lipo mahali pake, kavu, na redio imewekwa juu ya mfuniko. Akanipa kiti nikakataa. Emmanuel alikuwa malishoni. Nikaomba Aline aitwe.

“Ya nini?” akauliza Mama Consolata.

“Namhitaji, Mama. Nimekuja kwa ajili yake.”

Aline akaja kutoka nyuma, akasimama mlangoni akifuta mikono. Amekonda. Karibu na ukuta, nje, niliona mkoba wa nguo uliokwisha fungwa. Nikasema yote nikiwa nimesimama, bila kupanga maneno. Kwamba bishiri lazima apande kuvuta hewa. Kwamba tangi likijaa mpaka kwenye kioo hana pa kuvutia. Kwamba nilijua hilo tangu siku yangu ya kwanza kazini na sikuwaambia, kwa sababu nilikuwa na haraka. Kwamba siku ile waliponipigia alikuwa anakufa na mimi nikasema anacheza. Kwamba nilipoulizwa kama ni Aline nilinyamaza, na ukimya ule ulikuwa uongo. Nikamwomba msamaha Aline kwanza, halafu mama mkwe wake.

Mama Consolata hakunitazama. Alikaa kwenye kile kiti nilichokikataa mimi, akaweka mikono yake miwili kichwani. Nilidhani atanifukuza, na ningekwenda. Alipoongea aliliangalia lile tangi kavu.

“Aline alitaka kuondosha jiwe,” akasema. “Siku ile. Bamama banapiga makofi, yeye anakuja, anatia mukono juu ya jiwe. Nikamukamata mukono. Nikamuambia: wewe unajua samaki kupita Mama Samaki? Yeye alikataza. Tumupigie kwanza.”

Ile sauti niliyoisikia nyuma ya simu ilikuwa ya Aline.

“Ulikuwa unajua?” nikamwuliza Aline. “Nani alikufundisha?”

Akanitazama bila hasira, kana kwamba swali langu lilikuwa rahisi kupita kiasi.

“Hakuna muntu alinifundisha, Mama,” akasema. “Samaki alikuwa anagonga kioo ya juu na mudomo.”